Kheri Kwanza

Sisi walimu wa Kiingereza tuna maradhi yetu, na hayana dawa. Tunasahihisha. Tunasahihisha mbao za maduka, kadi za harusi, matangazo ya mazishi. Hata sala kanisani ikiwa na kasoro, mwenzetu anafumba macho kwa Mungu huku ulimi unamwasha. Wanza, anayefundisha darasa linalopakana na langu, aliwahi kuandikiwa barua ya mapenzi akairudisha ikiwa na alama nyekundu pembeni. Yule bwana hakuonekana tena. Wanza husema hajuti, nami simwamini.

Nayasema haya mapema ili lililotokea ukumbini lisije likaonekana muujiza. Yalikuwa maradhi tu, yametuzukia sote kwa pamoja mbele za watu.

Shule yetu iko Shimanzi, katikati ya maghala na nyua za makontena. Lori likipita madirisha yanatetemeka na chaki inajisogeza yenyewe mezani. Nafundisha Gredi ya Sita. Watoto wangu wanakijua Kiingereza cha kuandika. Wape nafasi za kujaza, watazijaza mpaka ziishe. Kusema ndiko hawataki. Ukimwuliza mmoja swali anakutazama kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Mwaka jana akaja Yumna. Alihamia kwetu kutoka upande wa Kibarani, msichana mwembamba mwenye macho makubwa, na muda mrefu ukapita sijalisikia neno lake kwa lugha yoyote ile. Kucheza alicheza, kuandika aliandika. Kusema, la. Nilikwisha kujiambia moyoni kwamba huyu atamaliza shule sijaijua sauti yake. Kisha asubuhi moja, kabla sijafungua kitabu, akasimama mwenyewe. Akasema kwa Kiingereza kwamba ameota ndoto. Akanyamaza.

Darasa zima likaitika, "Kheri."

Kwetu pwani mtu akisema ameota, hasimulii mpaka aitikiwe hivyo. Wanasema ndoto hutua vile ilivyopokewa; ukiipokea vibaya inatua vibaya. Kwa hiyo hata kama mtu amekuja na uso wa msiba, unatanguliza Kheri, ndipo unapotega sikio. Watoto wangu waliitika bila kufikiri, Waislamu na Wakristo, kama wanavyoitika kwao asubuhi wakiwa bado hawajanawa.

Yumna akaendelea. Alikuwa ameota mama yake amerudi kuwa mdogo kuliko yeye, na yeye Yumna ndiye anayemsuka nywele. Kiingereza chake kilikuwa kimevunjika kila mahali. Hakuna aliyecheka. Ndoto ni ya mwenyewe, nani atamwambia hukuota hivyo?

Tangu siku ile tukawa tunaanza kila asubuhi kwa ndoto mbili tatu. Watoto wakajitungia sheria, baada ya Tsofa, mjuaji wetu, kutaka kumnyoosha mwenzake katikati ya maneno: ndoto ya mtu haisahihishwi, na anayeisahihisha anasimama pale pale na kusimulia yake. Mimi mwenyewe nimeponea chupuchupu mara nyingi. Nilikuwa nauma ulimi. Na ajabu ni kwamba makosa yalikuwa yakipungua yenyewe, polepole, kwa kuwa kila mtoto alitaka ndoto yake ieleweke kama alivyoiona. Wengine waliota kwa shauku hadi nikaanza kushuku kwamba wanaota wakiwa macho. Sikuwauliza.

Mwalimu wetu mkuu ni Bwana Odera. Ni mtu wa Ugenya, ameishi Mombasa tangu ujana wake, mrefu, shati jeupe kila siku, na mfukoni kifuani ana kalamu nyekundu. Kiingereza chake kimenyooka kiasi kwamba hata akipiga chafya utadhani ameiwekea nukta. "Sheria ni sheria," ndio wimbo wake kila gwaride, na lazima niseme ukweli, sheria hiyo huanza na yeye mwenyewe. Akichelewa, anasimama langoni na waliochelewa. Simchukii. Lakini muhula ule wote wa ndoto alikuwa na tabia ya kuja kusimama nje ya dirisha langu asubuhi, mikono nyuma, na nilikuwa nikikiona kivuli chake nakichukia. Nilijua nakaguliwa.

Siku ya mwisho ya muhula aliingia ndani. Yumna alikuwa amesimama, amekwisha kusema kwamba ameota, na darasa limekwisha kufungua vinywa.

"Mwalimu Mejumaa," akasema, "hiki ni kipindi cha Kiingereza."

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu."

Akawageukia watoto. Akawaambia kwa upole kabisa kwamba kuanzia siku ile hakuna tena kuitikia Kheri katika kipindi cha Kiingereza. Kisha akaketi kwenye kiti changu, angoje ndoto.

Yumna alingoja pia. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja, nao wakatazama madaftari. Lori likapita, madirisha yakatetemeka yakatulia. Mtoto akakaa chini. Wakati wa kwenda nyumbani nilimwuliza kwa Kiswahili kama ana mtu wa kumvusha barabara. Hakunijibu. Alirudi kule alikokuwa, na mlango akaufunga.

Bwana Odera aliniita ofisini. Alikuwa amesikia kwamba nimekubaliwa kuwasilisha kipindi changu cha ndoto kwenye mkutano wa walimu wa Kiingereza, ule wa siku za likizo.

"Nitakuja kukusikiliza," akasema. "Wataalamu wenzako wakikiona kina maana, kitabaki. Wakikucheka, siku ya kufungua shule muda huo unarudi kwenye mazoezi ya sarufi. Ni haki?"

"Ni haki."

"Na hiyo Kheri usiipeleke kule. Utatuaibisha."

Mwenye akili angebisha. Mimi nikakata pua nikaunga wajihi. Nilirudi nyumbani, nikafungua kompyuta, nikaifuta Kheri kwenye kila ukurasa wa wasilisho langu. Mahali pake nikaweka maneno yanayopendwa mikutanoni: mazingira rafiki, ushirikishwaji, stadi za karne hii. Likawa wasilisho safi. Usiku wa kuamkia mkutano nililisoma mwenyewe nikasinzia, na katika kusinzia kule nikaota.

Nakaa Kibokoni, chumba cha juu, katika nyumba ya Bi Mwanakombo, mjane mwenye ulimi mkali na mahamri laini. Asubuhi ya mkutano nilishuka nikamkuta jikoni anageuza mahamri katika mafuta.

"Umelalaje?"

"Nimeota, Bi Mwanakombo."

"Kheri," akasema pale pale, hata hakunigeukia.

Nikamwambia. Niliota bahari imepanda vichochoroni kwetu bila kelele, imefika magotini. Madaftari ya watoto yanaelea, nami nabisha hodi nyumba baada ya nyumba kuuliza ni ya nani. Kila mlango unaofunguliwa, watu wanasema si yetu.

"Maji yalikuwa safi au yana matope?"

"Safi. Nilikuwa naona vidole vyangu."

"Basi ni kheri. Matope ndiyo mabaya." Akaipua mahamri, akaniwekea na mbaazi. "Na hao walimu wenzio, weye utawaitikia?"

"Imeondolewa hiyo."

"Imeondolewa na nani?"

Nikamega mahamri.

"Mtu akwambie ameota, weye wamtolea mato tu," akasema. "Haya mamangu. Kula, usende na ndaa."

Nikala, nikatoka. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na njia za Kibokoni zilikuwa na maji membamba yanayometa juu ya mawe. Nilijikuta nimeshika baibui langu nimeliinua kidogo, kama mtu avukaye. Ndoto ilikuwa haijaniachia. Kila mlango niliopita nilitaka kubisha. Mzee aliyekuwa akikunja gazeti barazani aliitikia salamu yangu polepole sana, sauti ikanifikia nikiwa nimekwisha kumpita, na paka mmoja alinisindikiza hadi kona kisha akaketi, kana kwamba mpaka wake ndio huo. Harufu ya udi ilitoka dirisha la juu ikateremka njiani pamoja nami. Nilikuwa na hofu, lakini hofu yenyewe ilikuwa mbali, imekaa pembeni inanitazama.

Ukumbi ulikuwa katika jengo la zamani karibu na bandari ya kale, ghorofani, wenye madirisha marefu ya mbao. Jua lilipenya kwenye mapengo ya mbao likalala sakafuni mistari mistari. Walikuja walimu kutoka Kwale na Kilifi, kutoka Taita, wengine hadi Nairobi, na kila mmoja alivalishwa kitambulisho chenye jina. Nilipokuwa nachukua chai nilimwona mwalimu mmoja amemshika mwenzake kitambulisho kifuani, kalamu mkononi, anamwekea herufi kubwa iliyosahauliwa. Wote wawili waliona ni jambo la kawaida. Nami pia.

Wanza alikuwa ameniwekea kiti. Bwana Odera alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, mgongo wima.

Wakawasilisha waliokuwa mbele yangu. Feni zilizunguka juu. Joto likapanda, maneno yakawa yanatoka kwenye kipaza sauti na kuelea, na nusu ya ukumbi ikaingia katika ule usingizi wetu wa adabu, macho wazi na kichwa kinakubali. Niliwatazama watu wale katika mistari ya jua, nguo zao zikipepea kidogo, nikawaona kama wameketi chini ya maji yangu ya jana. Nikahesabu mlango wa kutokea kuwa mlango mwingine wa kubisha.

"Umeitoa kweli?" Wanza akaninong'oneza.

"Nimeitoa."

"Wewe, Mejumaa. Mimi Mkamba nimefika hapa nikaizoea, siku hizi hata mamangu nikimpigia simu namwitikia. Wewe mwenyeji ndiye unayeificha."

"Nyamaza, dadangu. Naitwa."

Mwenyekiti wa kikao, Bwana Joab, alisoma jina langu vizuri, na nikapanda jukwaani nikiwa sizisikii nyayo zangu.

Nilieleza. Nilionyesha ukurasa baada ya ukurasa, mazingira rafiki, ushirikishwaji. Nilisikia sauti yangu inatoka safi na haina mtu ndani. Watu waliandika kidogo. Mwanamke mmoja mstari wa pili alipiga miayo akaifunika kwa kitambulisho chake. Nikafika pale nilipopanga kuwaonyesha kipindi chenyewe kwa vitendo, nikaomba mwalimu mmoja asimame atusimulie ndoto kwa Kiingereza.

Hakusimama mtu. Nikangoja, nikatabasamu, nikaomba tena. Nikamtazama Wanza, na Wanza akainamisha kichwa. Walimu mia mbili wanaofundisha watu kusema walikuwa wanatazama madaftari yao, sawasawa na watoto wangu siku ile. Huko nyuma Bwana Odera alikuwa hajatikisika.

Basi nikasema nitaanza mimi. Nikasema kwa Kiingereza kwamba nimeota ndoto.

Hakuna aliyeitika. Nilikuwa sijawahi kusimama pale aliposimama Yumna. Sikujua kwamba kimya kile kina baridi, kwamba unayasema maneno yale na ghafla huna pa kukanyaga. Kama ningekuwa na miaka kumi na mmoja, ningekaa chini, na mlango ningeufunga kwa makufuli.

Nilikuwa na zaidi ya hiyo, nikaendelea. Nikawaambia kuhusu bahari iliyopanda vichochoroni, kuhusu madaftari. Sauti yangu ikaanza kuwa na mtu ndani. Nilikuwa nabisha mlango, mlango unafunguka, nikakosea kitenzi.

Na ukumbi ukanisahihisha.

Sikosei nikisema ukumbi. Sauti zilitoka kulia na kushoto na mbele, za kiume na za kike, kwa pamoja, kama gwaride, na iliyo kubwa kuliko zote ilitoka nyuma karibu na mlango. Hawakukusudia. Niliziona nyuso zao. Hata wenyewe walishtuka. Kisha kikaja kicheko, kikaanzia mstari wa mbele kikatembea hadi nyuma, kikarudi.

Wamenicheka. Ndilo neno alilosema Bwana Odera ofisini, na sasa lilikuwa limetimia mbele yake. Niliona Jumatatu ya kufungua shule. Niliona watoto wamejaza nafasi zao, na Yumna ameketi katikati yao, kimya, mwaka mzima, na baada ya huo mwingine. Nikahisi machozi yanakuja, na mimi machozi yangu yana ndugu yake ambaye hutangulia. Nikakasirika.

"Kwetu darasani," nikasema, na nilisema kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti, "kuna sheria. Sikuitunga mimi, waliitunga watoto. Anayesahihisha ndoto ya mtu anasimama pale pale, anasimulia yake."

Kicheko kikaongezeka kidogo, kisha kikapungua, kwa sababu sikucheka. Walimu wakaanza kutazamana. Mkuki kwa nguruwe. Kila mmoja akawa hakusema kitu, ni jirani yake.

"Nangoja," nikasema.

Kiti kikasogezwa nyuma. Bwana Odera alikuwa amesimama.

Sikumkusudia yeye. Wallahi sikumkusudia, na kama ningepewa nafasi ya kuchagua ningemchagua yeyote mwingine. Lakini yeye ni mtu wa kusimama langoni na waliochelewa. Alifunga kifungo cha koti. Akasema kwa kile Kiingereza chake kilichonyooka kwamba ameota ndoto, kwamba huiota mara kwa mara.

Kisha akanyamaza.

Watu walidhani amesahau, mmoja akakohoa. Mimi nilimtazama. Alikuwa ameinua uso kidogo, ananitazama mimi, midomo imeachana, na nilikuwa nimeuona uso ule kabla. Ulikuwa uso wa kungoja. Mtu huyu alisimama nje ya dirisha langu muhula mzima, na sasa alikuwa amefika pale ambapo neno huja, na neno halikuja, kwa kuwa yeye alilikataza na mimi nikalifuta.

"Kheri," nikasema.

Wanza akasema, "Kheri." Kisha walimu wa Kwale, kisha wale wa Kilifi, kisha huyu na yule kwenye viti vya katikati, si kwa pamoja, kama watu wanaoamka nyakati tofauti katika nyumba moja. Yule wa miayo naye alisema.

Bwana Odera akavuta pumzi.

Alisema huwa yuko katika chumba kirefu cha kusahihishia mitihani. Meza hazina mwisho. Mbele yake pana rundo la karatasi, akimaliza moja inakuja nyingine, na mwanga ni wa asubuhi daima. Dirishani anapita mama yake. Amebeba karai la karanga kichwani, anatembea polepole, na anamwita. Anamwita kwa jina la utotoni ambalo huku Mombasa hakuna anayelijua.

"Namjibu," akasema. "Namwambia nakuja, mama, ngoja nimalize ukurasa huu. Lakini namjibu kwa Kiingereza. Mama yangu hakujua Kiingereza, hata neno moja. Anadhani sijamjibu. Anaita tena."

Feni zilizunguka. Mistari ya jua ilikuwa imefika miguuni pake.

"Alifariki nikiwa nasahihisha mitihani ya taifa," akasema. "Simu huzimwa kule, ni sheria. Nilipoiwasha nikakuta aliniita. Aliniita sana." Akashika kiti cha mbele yake. "Na mpaka leo akija dirishani namjibu vile vile. Najua nikiwa usingizini kwamba nakosea. Siwezi kujisahihisha."

Kiingereza chake kilikuwa kimeanguka. Nyakati zilichanganyika, mama yake alikuwa anapita na alipita na atapita, na sentensi zilikatika mahali ambapo hazikatiki. Makosa yote niliyaona, maradhi hayaponi kwa siku moja. Niliyaacha yapite. Nilitazama ukumbi, na watu mia mbili wenye kalamu walikuwa wameyaacha yapite. Nililia, sioni haya kusema. Nilimlilia yeye na nililia kwa kuwa nilikuwa nimekichukia kivuli chake.

Alikaa. Bwana Joab alivua miwani, akaiweka mezani, akauliza kama kuna maswali. Hapakuwa na maswali.

Ngazi za jengo lile ni nyembamba na zina giza hata mchana. Nilipokuwa nateremka nilimkuta mbele yangu ameshika ukuta, anashuka kwa uangalifu. Chini mlangoni jua lilitupiga wote wawili, tukasimama tumefumba macho.

"Mwalimu Mejumaa."

"Naam, Mwalimu Mkuu."

"Wasilisho lako halikuwa na Kheri."

"Uliniambia niitoe."

"Nilikuambia." Alifikiri. "Unajua, zile asubuhi dirishani. Ulidhani nakukagua."

Niliinamisha uso.

"Mtoto akisema ameota, wote wanamjibu," akasema. "Mara moja tu akisema, wanamjibu." Akaniaga kwa kichwa, akashika njia ya kuelekea barabarani, mrefu katikati ya kuta zile, nami nikabaki nimesimama nikikumbuka kwamba kuhusu Jumatatu hakusema lolote.

Bi Mwanakombo aliponiuliza mambo yalikwendaje nilimwambia sijui. Ilikuwa kweli.

Jumatatu nilifika shuleni mapema, na nilipoingia darasani Bwana Odera alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa ameketi nyuma, kwenye dawati la mtoto, magoti yamepanda hadi kifuani. Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni mahali pake. Watoto waliingia wakamwona, wakatembea kwa vidole hadi kwenye viti vyao. Hakuna aliyenong'ona. Sikujua amekuja kutazama au amekuja kukifunga kipindi, na sikuwa na ujasiri wa kumwuliza mbele yao. Nikaandika tarehe ubaoni. Nikauliza, kama kila siku, kama kuna aliyeota.

Tsofa, ambaye huota kila siku iendayo kwa Mungu, alitazama dawati.

Yumna akasimama.

Alisimama taratibu, mkono mmoja umeshika ukingo wa dawati. Hakumtazama mwalimu mkuu, alinitazama mimi. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, kwamba ameota ndoto. Kisha akangoja.

Watoto hawakuitika. Walikuwa wameambiwa, na aliyewaambia alikuwa nyuma yao. Niliwaona wanameza mate. Niliuona mdomo wa Yumna unaanza kujifunga, taratibu, kama siku ile, nikafungua wangu.

"Kheri," ikasema sauti nzito kutoka nyuma.

Darasa lote likageuka. Bwana Odera alikuwa ametazama mbele, kwa Yumna, mikono juu ya dawati dogo.

Yumna alimtazama. Kisha akaanza kusimulia. Alikosea neno la kwanza, akakosea la tatu, na nikauona mkono wa Bwana Odera unapanda wenyewe hadi mfukoni, ukagusa kalamu, ukakaa pale, ukashuka bila kitu. Mtoto hakuona. Alikuwa anatueleza kwamba bahari ilikuja mpaka Shimanzi, polepole, maji safi, na malori yote yalikuwa yamelala.